App za muvi zinatupiga mchana kweupe msimu huu wa Halloween

Wakuu salama? Mi sio salama, nina hasira hapa.

Kwa wasiojua, huku Marekani ikifika Oktoba mosi kuna watu wanajiwekea utaratibu wa kuangalia muvi moja ya kutisha kila siku mpaka tarehe 31, Halloween yenyewe, ile sikukuu yao ya kutishana, na hakuna kurudia. Mimi na wife tunafanya hapa Houston, natoka shifti usiku, watoto wamelala, tunazima taa. Starehe yetu ndo hiyo, hatuna makuu. Sasa hizi app zimejua kabisa mwezi huu tumekaa mkao wa kula, ndo zinatufanya mabwege.

Toka Septemba wanakujazia mabango ya maboga na mapopo, njoo uone muvi za kutisha za kumwaga. Haya unalipia. Unatafuta ile Halloween ya John Carpenter ya 1978, yani muvi iliyobeba jina la sikukuu, unakuta sehemu ya 4 ipo, ya 5 ipo, ya kwanza sasa KODI dola 3.99. Nimelipia kifurushi nakodi nini tena?? Na muvi yenyewe ilitengenezwa kwa hela za kuungaunga, kama dola laki tatu hivi, kinyago cha muuaji ni sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek walinunua dukani wakaipulizia rangi nyeupe, majani makavu waliyapaka rangi wenyewe maana walishuti California majira ya machipuko, wakimaliza sini wanayaokota wakayamwage kwingine. Wenzenu walibana hivyo, nyie mnakuja kunibana mimi.

Basi nikahamia app nyingine ya bure yenye matangazo, nikaikuta hiyo ya kwanza. Tumefika pale dada kajificha kabatini, jamaa anavunja milango, dada anahangaika na henga ya waya anainyoosha apate cha kumchoma nacho, wife kashanikaba mkono mpaka unauma... tangazo la sabuni ya kufulia. Mama anacheka na mataulo. Halafu la bima ya gari, halafu lile lile la sabuni tena. Kurudi kwenye muvi hofu yote imeisha tunaangalia kama taarifa ya habari. Hivi anayepanga tangazo likae wapi anaangaliaga hata muvi moja?

Ila iliyonichefua kuliko zote ni Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968. Wakuu hii muvi kisheria Marekani HAINA MWENYEWE. Wasambazaji walibadilisha jina dakika za mwisho, kubandika jina jipya ile alama ya haki miliki ikadondoka, na kwa sheria ya wakati ule ukitoa kazi bila alama imekula kwako, inakuwa ya umma. Kila mtu anaweza kuishusha mtandaoni bila kuiba chochote. Sasa wewe app unanikodishia kitu cha umma, tena kopi mbovu, muvi ya blakinwaiti ya usiku, giza lote limegeuka vimiraba vya kijivu, mazombi yanaisogelea nyumba huoni zombi huoni mti. Duane Jones pale, stelingi mweusi mwaka 1968 sio jambo dogo, nyie mmemgeuza kivuli. Dola zangu hizo.

Nosferatu ya 1922 waliiga kitabu cha Dracula bila ruhusa, mjane wa mwandishi wake Bram Stoker akaenda mahakamani Ujerumani ikaamuliwa kopi zote ziharibiwe, na mpaka leo ipo naiona bure kabisa. Yani muvi iliyohukumiwa kufa inapatikana kirahisi kuliko ambayo ina mwenyewe na ninailipia kila mwezi.

Get Out angalau niliipata (ule wimbo wa mwanzo Sikiliza Kwa Wahenga ni Kiswahili kabisa kwa asiyejua, sie tunashtuka mapema kabla Wamarekani hawajashtuka) ila sabtaito za app ziliandika "muziki" basi. Uvivu tu.

Na kuna huu ujinga wa kuandika "inaondoka tarehe 31". Inaondokaje siku ya Halloween?? Mlikuwa mmeiweka ya nini?

Nimewaandikia kastama kea wao, kikajibu kiroboti, kinanishauri niangalie muvi za familia.

Msije hapa na habari za Telegram, kule nitashusha virusi. Maktaba ya mtaa nimeenda, wanaazimisha DVD bure, ila rafu ya horror Oktoba hii imekombwa, zimebaki zile za papa wa baharini. Kifurushi nakikata wiki hii, liwalo na liwe. Kesho ni zamu ya wife kuchagua na anataka The Exorcist, mwenye kujua ipo app gani bila kukodi aseme chap, na aseme kama wanakata matangazo katikati.