Naomba ushauri: dishi au kebo, ipi ina picha safi ya HD hapa Dodoma?

Baba Tumaini (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijapoteza pesa. Nipo Nzuguni, Dodoma. Nyumbani tuna dishi na king'amuzi chake, huu mwaka wa tatu. Tatizo ni picha. Ina ukungu, maandishi ya chini hayasomeki, na mpira ukichezwa namba za mgongoni hazionekani. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme, juzi imekata kabisa katikati ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Kuna jamaa anavuta kebo mtaani kwetu. Anasema kebo haijui mvua wala upepo, na picha yake ni HD tupu. Mliotumia vyote viwili, ipi bora kwa upande wa picha? Nina haraka kidogo, naombeni mnijibu mapema.

Kipupwe
Mkuu, achana na vyote viwili, vuta intaneti ya nyumbani. Mimi nilishusha dishi mwaka jana, sasa hivi linafunika pipa la maji. Naangalia ninachotaka saa ninayotaka.

Mama Zabibu
Baba Tumaini, hujasema una watoto wangapi na wanasoma darasa la ngapi. Kwangu runinga inawashwa saa mbili, habari zikiisha inazimwa, watu wanalala. Watoto wa siku hizi tunawalea na rimoti halafu matokeo yakitoka tunalia.

Fundi Paa
Mleta mada anauliza picha, mnampa mambo mengine. Ngoja nimjibu, kazi hii ndiyo inayonilisha.

Kwanza, dishi kwa dishi hazilingani. Satelaiti zipo kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, na kila kampuni ina mahali pake. DStv wapo nyuzi 36 Mashariki, na Dodoma nayo ipo karibu kabisa na nyuzi 36, kwa hiyo satelaiti yao iko karibu utosini mwetu. Azam wapo nyuzi 7 Mashariki, dishi lao hapa linatazama magharibi. Ukiona fundi anakufungia dishi bila kuuliza king'amuzi ni cha nani, mwambie ashuke.

Pili, mvua. Dishi dogo la nyumbani linapokea mawimbi ya masafa yanayoitwa Ku, gigahezi 11 hadi 12 na ushee. Matone makubwa yanayanyonya na kuyatawanya mawimbi hayo. Yale madishi makubwa ya zamani, ya masafa yanayoitwa C, yanatumia kama gigahezi 4, yanavumilia zaidi. Hilo la mvua ni kweli, lakini mara nyingi ni dakika chache, wingu likipita picha inarudi.

Tatu, kebo. Hapa ndipo watu wanaponunua maneno. Jiulize mwenye kebo anaitoa wapi picha. Kebo nyingi za mtaani zinaanzia kwenye dishi lililo juu ya paa lake mwenyewe, halafu anaisambaza kwa waya nyumba kwa nyumba. Mvua ikimkamata yeye, mtaa mzima umekatikiwa. Na njiani ana vikuza mawimbi vinavyokula umeme. Umeme ukikatika vilipo, hata kama kwako unawaka, huoni kitu. Kuhusu HD, muulize anachokuletea ukutani ni nini. Kama waya unachomekwa moja kwa moja nyuma ya TV kwenye tundu la antena na chaneli unazitafuta kwa rimoti ya TV, uwezekano mkubwa hiyo si HD. Kebo nzuri ya kidijitali ipo, ikifungwa vizuri inatoa picha safi kama dishi, hilo silipingi. Ila neno kebo peke yake halikupi HD.

Sasa nijibu mambo mawili. TV yako ni inchi ngapi, na king'amuzi umekiunganisha na TV kwa waya gani?

Baba Tumaini
Asante sana Fundi. TV ni inchi 50, mpya, nimeichukua mwezi uliopita. Waya ni ile ya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Ilikuja na king'amuzi.

Niseme ukweli kidogo, yule jamaa wa kebo nimeshampa laki moja, bado hamsini. Anakuja Jumamosi kufunga. Sioni kama nimekosea, maana mtu amenihakikishia, na majirani wawili wameshafunga. Nilichotaka ni kujua tu kama kuna mtu anayeitumia na anaridhika nayo.

Fundi Paa
Umeomba ushauri ukiwa umeshalipa, kaka. Haya.

Huo waya wa njano haupitishi HD hata siku moja. King'amuzi kikipokea HD, kikifika kwenye njano kinaishusha mpaka picha ya kawaida. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576, hazifiki laki tano. HD kamili ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Sasa chukua hizo nukta chache uzitandaze kwenye inchi 50, lazima zipwaye. Nunua waya wa HDMI, chomeka, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uchague 1080. Halafu hakikisha kifurushi chako kina chaneli za HD zenyewe, maana chaneli ya kawaida haigeuki HD kwa sababu ya waya.

Mwana Manyoni
Mmenikumbusha fainali ya Kombe la Dunia 2022. Tarehe 18 Desemba, Argentina na Ufaransa, mechi imeanza saa 12 jioni. Kwa mama mkwe wangu pale Manyoni tumejazana watu kama thelathini, na wengine wako dirishani. Mbappé anasawazisha 3 kwa 3, na mvua inashuka. Picha ikaganda mguu wake uko hewani! Tukatoka mbio kwenda kwa jirani mwenye kebo, tunateleza kwenye tope, mama mkwe anatufuata kajifunika kanga mbili. Tunafika, nako wamekaa wanatazama kioo cheusi. Tukasikiliza penalti kwenye redio ya mlinzi. Kwa hiyo anachosema Fundi nimekiona kwa macho yangu.

Njiapanda ya Swaswa
Samahani wakuu, kuna kitu hakiniingii akilini. Mleta mada anasema juzi mvua imemkatia picha katikati ya habari. Juzi ipi? Huu mwezi wa saba. Mimi nipo Dodoma hii hii, mvua yetu inaanza Desemba inaisha Aprili. Sasa hivi ni baridi, upepo na vumbi. Toka juzi mpaka leo nguo zangu zinakauka kwa saa mbili.

Hii ni chai. Naona mtu wa kebo anatafuta wateja: anaponda dishi, anaisifia kebo, halafu eti ameshalipa na majirani wawili wameshafunga. Tunajua hizi nyuzi.

Kipupwe
Nakazia. Mvua ya Julai Nzuguni! Weka picha ya hiyo TV tuione.

Mwana Manyoni
Na mimi nimesimulia mpaka ya mama mkwe. Mleta mada, jibu.

Baba Tumaini
Wakuu, mimi si mtu wa kebo. Nauza mbao, sina biashara ya ving'amuzi. Kuhusu mvua nimekosea. Haijanyesha. Mara ya mwisho picha kukata kwa mvua ilikuwa mwezi wa tatu. Niliandika hivyo kwa sababu jamaa wa kebo aliniambia hivyo, na nilitaka mnielewe haraka.

Ngoja niseme lilivyo. Anayelalamikia picha ni mzee wangu. Ninaishi naye tangu mama afariki. Ana miaka 74. Mimi, mke wangu na watoto tunaiona picha vizuri tu. Mzee ndiye anasema ina ukungu. Kila siku kabla ya saa mbili anasogea karibu na TV, anashika ncha ya shuka lake anafuta kioo, anarudi kukaa. Habari zikianza anasema bado kuna vumbi. Tulikuwa na inchi 32, akasema ndogo, nikanunua hii kwa mkopo. Akasema ni ile ile. Ndipo nikaambiwa habari za kebo.

Sikutaka kuyaandika haya hapa kwa sababu ni mzee wangu.

Fundi Paa
Ungesema hili mwanzo nisingezungumza habari za satelaiti hata moja.

Picha ya kidijitali haina ukungu wa mawimbi. Zamani kabla mitambo ya analojia haijazimwa hapa Dodoma mwaka 2013, mawimbi yakiwa hafifu ulikuwa unaona chenga, na mtu ulimwona kama yupo kwenye moshi. Siku hizi mawimbi yakiwa hafifu picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, au inazima kabisa. Kwa hiyo ukungu unaoonwa na mtu mmoja tu hauko kwenye dishi wala kwenye kebo.

Badilisha waya hata hivyo, utafaidi. Ila usimwambie mzee kwamba ndiyo dawa.

Mhudumu wa Zamu
Nafanya kazi kitengo cha macho, naomba mniruhusu. Baba Tumaini, muulize mzee taratibu: taa za pikipiki usiku anaziona zimezungukwa na duara la mwanga? Rangi nyeupe anaiona kama imechuja? Akifunika jicho moja, tofauti ni kubwa? Anaweza kuwa na mtoto wa jicho, ambapo lenzi ya ndani inapata ukungu. Upasuaji wake ni mfupi, wanatoa lenzi ile wanaweka ya bandia. Lakini inaweza pia kuwa presha ya jicho, na ile usiisubirishe, maana uoni ukishapotea kwa presha hiyo haurudi. Kwa kuandika hapa hakuna atakayekwambia ni ipi, lazima jicho litazamwe. Hospitali ya Mvumi wana huduma ya macho ya miaka mingi, na si mbali na mjini.

Baba Tumaini
Asante dada. Lakini mzee wangu hamumjui. Nilishagusia mara moja mwezi wa nne. Akaniambia, "Macho yangu mazima, ni runinga yako mbovu," na siku mbili hakuongea na mimi. Amechunga ng'ombe Mpwapwa maisha yake yote, alikuwa anamtambua ndama wake yuko mlimani. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba haoni? Ndiyo maana naona bora kebo ifungwe kwanza, ikishindikana ndiyo tuzungumze hospitali. Na laki moja nimeshatoa.

Mama Zabibu
Baba Tumaini, nilikurukia na habari za watoto, unisamehe. Mama yangu ni wa Kongwa. Kule kwetu tumekua na vikope, inzi wanatua machoni mwa watoto na maji ya kunawa ni ya kupimwa. Mama ugonjwa ulimrudia rudia mpaka kope zikajipinda ndani, kila akipepesa zinakwaruza jicho. Alikuwa anazing'oa kwa kibanio cha chuma, amekaa mlangoni kwenye mwanga, na sisi tunamwona. Kila tukisema hospitali anasema ni vumbi. Tulipompeleka jicho la kulia lilikuwa limeshakuwa jeupe. La kushoto walilirekebisha, analo mpaka leo. Kebo itakula mwezi wako mwingine wa kusubiri. Mpeleke.

Njiapanda ya Swaswa
Nafuta neno chai. Mkuu, tusameheane.

Ila hiyo laki moja kairudishe mapema, kabla jamaa hajanunua waya.

Baba Tumaini
Wakuu, narudi na mrejesho.

Jana nilinunua HDMI, nikatoa ile waya ya zamani, pini ya njano ilikuwa imeota kutu kabisa. Nikachagua 1080 kama Fundi alivyoelekeza. Tumaini akaanza kusoma namba za mgongoni kwa sauti, moja baada ya nyingine, hata maandishi madogo ya kwenye mabango ya uwanjani. Mzee akauliza, "Anasoma wapi?" Nikamwambia pale, baba. Akanyamaza.

Baadaye nikazima TV. Nikamwomba anisaidie kusoma kalenda ya ukutani, nijue mwezi unaisha lini. Alisimama karibu kabisa, akapitisha kidole juu ya namba. Nikamwambia afunike jicho la kulia, akasoma mstari mzima. Akafunika la kushoto, kidole kikasimama. Akageuka akaniuliza, "Huko Mvumi tunatoka saa ngapi?"

Tunaondoka Jumatatu saa 11 alfajiri. Jamaa wa kebo amekubali kurudisha elfu sabini, thelathini anasema ni usumbufu. Nimemwachia.

Mhudumu wa Zamu
Mkija, leteni dawa zote anazotumia, hata za presha na za kienyeji. Na usiendeshe mwenyewe kama utahitaji kumshika mkono wakati wa kurudi, wanaweza kumtia matone ya kupanua mboni, mwanga wa mchana utamsumbua. Mbebee kofia.

Baba Tumaini
Kofia ninayo. Asante dada.

Kipupwe
Tunawaombea. Fundi, hiyo HDMI ya mita tatu pale sokoni Majengo inauzwaje?