Tupeane uzoefu: kambi ya mtumbwi na watoto wadogo, Bunyonyi au wapi?

MamaPacha_Ntinda
Habari zenu wanajamvi. Sisi tuko Kampala, mimi na mzee na watoto watatu, mkubwa ana miaka 9 na pacha wana 4. Shule zikifungwa Desemba tunataka mwaka huu tuachane na ule mtindo wa kwenda kijijini kula na kulala, twende ziwani na tenti, tupande mtumbwi, tulale kisiwani. Mzee ameshaona video za wazungu wa Canada, mtumbwi umejaa mizigo, mtoto mbele, mbwa katikati, kila siku wanahamia kambi nyingine, naye anataka hivyohivyo. Mimi nataka kwanza nisikie kwa waliokwenda na watoto wadogo kweli, sio waliokwenda na wachumba. Mlienda ziwa gani, mliwavalisha nini, mlikula nini, usiku ilikuwaje, na kichocho je? Msinitishe bure lakini msinifiche.

Mkiga_wa_Mjini
Mama Pacha nenda ziwa Bunyonyi, kule Kabale, usihangaike. Mimi mtoto wa Kabale kwa hiyo mtasema navutia kwangu, sawa, lakini sababu zipo. Hakuna kiboko, hakuna mamba, na hata kwa kichocho ziwa linasifiwa kwamba halina. Visiwa viko 29 na vingi viko karibu karibu, kwa hiyo safari ya mtumbwi haiwi ya kuwachosha watoto.

Ila kuna mambo mawili watu wa Kampala huwa hawajiandai nayo. Baridi kwanza. Ziwa liko karibu mita 2,000 juu, usiku inashuka mpaka digrii 10 hivi na asubuhi ukungu umelala juu ya maji hamuoni hata kisiwa cha jirani, sasa mtu anakuja na vishuka vya Kampala na watoto wamevaa kaptura, wee. La pili ni kina. Ile milima mnayoiona inashuka vilevile ndani ya maji, usitegemee ufukwe wa kuingia polepole kama Entebbe, sehemu nyingi ukiacha gati tu hata mtu mzima hagusi chini. Kwa hiyo kukosa mamba kusiwafanye mlegeze macho.

Na mitumbwi yetu ni ya gogo la mkaratusi lililochongwa, mizito, mgeni akishika kasia inazunguka palepale wenyeji wanamcheka kutoka shambani 😂. Tafuteni mwenyeji pale gatini Rutinda akae nyuma aongoze, nyinyi mpige kasia mbele kujifurahisha. Bei mwelewane kabla hamjapakia hata sufuria moja, na mwelewane pia kama analala huko nanyi au anarudi kuwachukua, na saa ngapi. Watu wengi wanasahau hilo la kurudi wanabaki kisiwani wanapiga simu.

Kuhusu kuhamahama kila siku, kwa pacha wa miaka 4 hapana. Pigeni kambi kisiwa kimoja, asubuhi mnatoka na mtumbwi mtupu mnazunguka, mchana mmerudi.

BabaWawili_Mbarara
Hapo kwenye kambi moja nakataa kidogo ndugu yangu. Sisi tulihama, wangu walikuwa na miaka 7 na 10, na kuhama ndiko kulikowapa raha, manake kukaa sehemu moja siku ya pili wanaanza kuuliza wifi iko wapi. Lakini tulikuwa na masharti. Saa moja majini basi mnashuka, hata kama mnakokwenda mnakuona, mnyooshe miguu, wakojoe, wale ndizi. Kila mtoto ana kazi yake, mmoja kuchota maji yanayoingia kwa jerikeni iliyokatwa, mwingine kuhesabu mizigo kila tunaposhuka na kupanda, na yule wa kuhesabu alikuwa mkali kuliko mama yake, kasia moja tuliikumbuka kwa sababu yake.

Upakiaji: vizito chini katikati, unga, maji, sigiri. Vya kulalia viwe kwenye mapipa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, hata yale madogo ya sokoni yanatosha, au kavera, mifuko ya plastiki, mbili mbili mkikosa, kwa sababu tenti ikilowa mnaweza kuvumilia, blanketi la mtoto likilowa hapo safari imeisha. Watoto wanakaa chini kabisa kwenye sakafu ya mtumbwi, wekeni nyasi au mkeka, sio juu ya ubao wa kukalia, na hakuna anayesimama hata baba akitaka picha. Na tafadhali msije mkamfunga mtoto kwa kamba kwenye mtumbwi eti asianguke. Mtumbwi ukipinduka anaenda nao.

Lakini kwa miaka 4, eh, nikiwa mkweli namuunga mkono Mkiga. Mzee wa video angoje pacha wakue.

Kijana_wa_Bombo
Mzee wa video ajaribu kwanza kuwasha mkaa nje kwenye mvua pale pale Ntinda, akifaulu ndio tuongee habari za Canada.

MamaPacha_Ntinda
@Kijana_wa_Bombo nimemsomea, amenuna 😂. Asanteni sana kaka zangu. Yeye sasa anasema kama baridi ni tatizo basi twende visiwa vya Ssese, au ziwa Mburo kule hifadhini ambako tunapita njiani hata hivyo.

Nesi_Masaka
Dada, Ssese naipenda, na ile meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, masaa matatu na nusu hivi majini, watoto wanaweza kuipenda meli kuliko hata kisiwa chenyewe. Lakini uliuliza kichocho, hapo ndipo ziwa Victoria linapoharibu hesabu. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini vinapenya ngozi, havingoji mtoto anywe maji, kusimama tu magoti majini kunatosha, hasa ukingoni kwenye majani na maji yaliyotulia, ambako ndiko mtoto mdogo anakochezea na ndiko mtumbwi unakoegeshwa. Mtu mzima kwenye mtumbwi unaweza kukwepa kulowa, mtoto wa miaka 4 huwezi. Mkienda na akalowa, msikimbilie kupima kesho yake, mayai yanachukua wiki kadhaa kuonekana, nendeni kituo cha afya baada ya mwezi na nusu au miwili, mseme wazi kwamba mliingia ziwani. Dawa ipo, prazikwanteli, dozi inakwenda kwa uzito au urefu wa mtoto, msigawane tu nyumbani kwa kukadiria.

Halafu laifujaketi, maana hapa naona hakuna aliyeligusa vizuri. Msitegemee za mwenye mtumbwi, mara nyingi zake ni za watu wazima, na mtoto kwenye jaketi la mtu mzima anateleza anatoka chini lenyewe linabaki linaelea. Nunueni au azimeni za watoto kabla hamjatoka Kampala, zinaandikwa kilo, someni kilo msisome umri. Kwa wadogo hawa tafuta lenye kola ya kuinua kichwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mvalishe, funga kila kitu, halafu mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi, likipanda mpaka masikioni ni kubwa, rudisha. Yale maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea, si ya ziwani. Na jaketi linavaliwa kuanzia mnapokanyaga gati, sio mkishaingia, watoto wanaanguka sana wakati wa kupanda na kushuka. Hata kambini mkiwa karibu na maji, hao pacha wakae nayo.

Na vyandarua bebeni hata kama huko juu mbu ni wachache.

Afande_Mstaafu
Mama Pacha, shikamoo kwa waliokuzaa, salaam kwa mzee. Mimi nilifanya kazi ziwani miaka mingi, sasa niko nyumbani na ng'ombe. Mburo sahau mambo ya mtumbwi wenu. Mle mna viboko na mamba, na usiku viboko wanatoka kula majani mpaka hapo kwenye tenti za watu. Kupiga kambi pale ni sawa mkifuata maneno ya askari wa hifadhi, kutembea majini panda boti yao kubwa ya mchana. Mtumbwi na watoto, hapana.

Jambo la pili ni hewa. Asubuhi ziwa limelala, mchana upepo unaamka. Toka asubuhi ukungu ukishapanda, saa tano saa sita uwe umefika. Ukiona wingu jeusi limekaa kwenye kilima usibishane nalo, usiseme kisiwa kile pale tu, rudi ukingoni ulio karibu, wote mshuke, mkae mbali na mti ulio peke yake. Radi inaua watu nchi hii. Tembea kando ya ukingo, usikate katikati ya ziwa kufupisha njia. Desemba mvua inaanza kupungua lakini haijaapa, Januari ni salama zaidi, na shule bado zimefungwa, kwa nini haraka?

Na kujaza. Mwenye mtumbwi atasema ingieni wote, watoto hawana uzito. Mwambie asante, leta wa pili. Nyinyi ni wazazi wawili, watoto watatu, mpiga kasia, na mizigo ya kulala. Hiyo ni mitumbwi miwili, watoto wasiojua kuogelea kila mmoja na mtu mzima wake. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama ziwa Victoria upande wa Mukono, zaidi ya watu 30 walikufa, ilikuwa imejaa kupita kiasi, jaketi chache, na ufukwe haukuwa mbali. Walikuwa watu wa Kampala hao, wamesoma, wanacheza muziki. Sisemi ili kukutisha, wewe mwenyewe umesema usifichwe.

BabaWawili_Mbarara
Shikamoo afande. Hilo la mitumbwi miwili sisi tulifanya na gharama haikuongezeka sana, ya pili ilibeba mizigo tu ikatangulia, tukafika tenti imesimama.

Mama_Salma_Tororo
Wanaume mmeongea mitumbwi na mawingu, nesi kaongea ya afya, hakuna aliyesema kuhusu mtoto anayetaka kukojoa saa nane usiku kwenye baridi ya Kabale. Mama Pacha beba poti, kile cha plastiki cha mtoto kukojolea, na kiwe ndani ya tenti. Utanishukuru. Soksi jozi nyingi kuliko unavyodhani, kofia ya sufu ya kulalia, na nguo za kulalia zisivaliwe mchana hata kidogo, zikae kwenye pipa lake kavu. Sisi tulilala wote tenti moja watoto katikati, mkeka chini, godoro la sponji juu yake, manake baridi inayoumiza inatoka chini kwenye udongo.

Chakula usijifanye mpishi. Siku ya kwanza tulikula tulichopika nyumbani, chapati na kuku wa kukaanga, kwa sababu mnafika mmechoka, barabara kutoka Kampala peke yake ni zaidi ya kilomita 400, watoto wameshatapika Masaka na Mbarara. Kwa kweli lala Mbarara au Kabale mjini siku ya kwanza, ziwa liwaone mkiwa wazima. Baada ya hapo uji asubuhi, chai kwenye chupa mnatembea nayo, mchana mayai ya kuchemsha na viazi, viazi vya Kabale ni vitamu hata na chumvi tu. Kamba wa maji baridi wa ziwa lile mkiwakuta kwenye hoteli za ukingoni waonjeni, wangu walikataa wakasema ni wadudu, nikala zao zote.

Na jaribuni kulala nje kwenye uwanja wa nyumba kabla ya safari. Salma usiku wa kwanza wa kujaribu alirudi ndani saa tatu, wa pili akalala mpaka asubuhi, ndipo tukaondoka.

Mkiga_wa_Mjini
Mama Salma umemaliza. Kamba wanauzwa na watu wa hoteli kwa bei ya kitalii, lakini ukimuuliza mpiga kasia wako anajua anayewategea.

MamaPacha_Ntinda
Nimeandika yote, mzee naye kakubali kisiwa kimoja, mitumbwi miwili, Januari. Amebaki na swali moja tu: mchana tukizunguka na mtumbwi, kuna cha kuwaonyesha watoto au ni maji na milima tu?

Mkiga_wa_Mjini
Kipo. Kisiwa cha Bwama, pale daktari Leonard Sharp alipoanzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931, sasa kuna shule, huyo wa miaka 9 ataelewa. Ndege ni wengi kwenye mafunjo, korongo wetu wa bendera nao mnaweza kuwaona. Mkiangukia siku ya soko kaeni gatini asubuhi muangalie mitumbwi ikiingia na viazi na mbuzi. Na mtapita Akampene, kisiwa kidogo chenye mti mmoja, ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa walikuwa wakiachwa. Mpiga kasia atawasimulia bila kuulizwa, kwa hiyo muonye mapema.

Mama_Salma_Tororo
Kweli muonye. Salma aliuliza baba zao walipelekwa kisiwa gani, mtumbwi mzima ukanyamaza.