Naomba ushauri: Mama anataka kuiona Alhambra, tiketi za makasri zimeisha

Habari zenu ndugu wana kikundi. Shikamooni wakubwa.

Mwezi ujao nampeleka mama yangu Andalusia, kusini mwa Hispania, siku nne. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Córdoba nimeshapanga: tutauona ule msikiti wa karne ya 8 uliogeuzwa kanisa kuu mwaka 1236, wenye matao ya rangi nyekundu na nyeupe. Kinachonikwamisha ni Granada, mji ilipo Alhambra, ile ngome ya kale yenye makasri na bustani.

Mama alisoma chuo cha Qur'ani utotoni. Nilipomwonyesha picha ya ukuta wa Alhambra kwenye simu, akaikuza kwa vidole, akasoma taratibu: "Wala ghaliba illallah," yaani hakuna mshindi ila Allah. Akanyamaza. Maneno hayo yamerudiwa kuta nzima mle kwenye makasri ya Wanasri, ukoo wa wafalme Waislamu waliotawala Granada, na ndiyo anayotaka kuyaona kwa macho yake.

Tovuti rasmi inaonyesha tiketi za makasri za mchana zimeisha kwa siku zetu zote mbili za Granada. Nimeangalia asubuhi na usiku kwa wiki nzima, sikupata kitu. Nimepata za bustani na ngome tu, ambazo haziingizi ndani ya makasri. Za usiku bado zipo.

Waliokwisha kwenda, naomba mnisaidie: usiku taa zinatosha kuyasoma maandishi ya ukutani, au niendelee kusubiri za mchana? Na akipanda basi dogo kutoka mjini, kutoka kituoni hadi mlango wa makasri kuna ngazi nyingi?

Natanguliza shukrani.