Fiat X1/9 ya 1981 inauzwa Leicester: nichukue au niache?

MwanaTanga_Leicester
Wakuu, habari za Jumapili. Kuna Fiat X1/9 ya 1981, ile gari ndogo ya michezo ya viti viwili, inauzwa huku Leicester, Uingereza. Injini 1500, gia tano, nyekundu, usukani kulia. Mwenyewe anataka pauni 7,500 na anasema ilipigwa rangi upya miaka mitatu iliyopita. Nilipomuuliza MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, akajibu gari imeshapita miaka 40, haihitaji tena. Nimehakikisha, ni kweli. Naipenda gari hii tangu nikiwa shule: taa zinazoinuka, paa unalolivua na kulilaza kwenye buti ya mbele. Mimi si fundi. Niangalie nini kabla sijatoa hela?

MzeeCoventry
Mdogo wangu, achana na Fiat za zamani. Tafuta Mazda MX-5 safi, spea zipo kila kona, kiangazi chote unatembea bila presha.

FundiTorino
Shikamoo mzee. MX-5 ni gari nzuri, lakini injini yake iko mbele; ya X1/9 iko katikati, nyuma ya viti, na ndugu yetu anatafuta kitu kingine kabisa.

Mimi niko gereji hapa Torino, Italia, na X1/9 ni za huku. Bodi zilitengenezwa na Bertone pale Grugliasco, nje kidogo ya mji. Aliyeichora ni Marcello Gandini, yule yule wa Lamborghini Miura, gari ya matajiri yenye injini katikati. Fiat walichukua injini na giaboksi ya 128, gari ya familia inayovuta kwa tairi za mbele, wakavihamishia nyuma ya viti. Ndiyo maana kuanzia 1972 mtu asiye tajiri aliweza kukaa kwenye gari yenye injini katikati. Kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko Miura yenyewe.

Sasa, injini isikutie hofu. Haina mambo mengi na ni imara. Kama hakuna risiti ya mkanda wa taimingi, weka mpya kabla hujaanza kuzunguka nayo, basi. Hela yako italiwa na bodi. X1/9 haina chesisi iliyo peke yake, bodi ndiyo inabeba kila kitu, kwa hiyo kutu ikiingia mahali pabaya umenunua mzigo.

Fungua boneti zote, mbele na nyuma, utazame pale vichwa vya shokapu vinapofungwa. Bonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikiwa imevimba, au chuma kikilia kama biskuti kavu, rudi nyumbani. Kisha chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze, uipitishe polepole kwenye mihimili ya chini ya milango. Ikiacha kushika, hapo pana puti, ile plasta ya kuziba mashimo ya kutu. Inua na mazulia uone sakafu.

Rangi mpya bila picha za kazi inanitia wasiwasi kuliko gari iliyopauka. Mwambie akuonyeshe picha za bodi kabla haijapakwa. Na hata kama MOT haihitajiki, rekodi za zamani bado zipo: ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, utaona maili na kila palipoandikwa kutu.

MwanaTanga_Leicester
Ahsante sana kaka. Nimeingiza namba sasa hivi. Mwaka 2016 ilifeli: kutu karibu na shokapu ya nyuma kushoto. Wiki mbili baadaye ikapita. Halafu watu wanasema gari hizi zinachemsha, ni kweli?

FundiTorino
Zinachemsha zikipuuzwa. Rejeta iko mbele, injini nyuma, maji yanapita kwenye mabomba mawili marefu katikati chini ya sakafu. Mtu akiweka jeki vibaya anayabonyeza, maji hayapiti vizuri tena. Lala chini uyatazame. Sababu nyingine ni hewa iliyonasa: unafungua hita hadi mwisho, unalegeza skrubu iliyo juu ya rejeta, unaongeza maji mpaka mapovu yaishe. Siku ya kuijaribu, ukirudi kutoka barabarani iache ingurume imesimama mpaka feni iwake yenyewe, ndipo uizime. Feni isipowaka na mshale wa joto unapanda, usiondoke bila kujua kwa nini.

Gia ikiwa ngumu kuipata, mara nyingi ni bushi za ile fimbo ndefu inayokwenda nyuma. Ni kitu kidogo. Taa moja ikichelewa kuinuka, anza na waya na viunganishi.

Hapo nyuma kushoto ndipo pa kuamulia. Ipandishwe kwenye lifti, uangalie kwa chini walivyochomelea. Ukiona chuma kipya na mshono mmoja usiokatika, mimi ningempa hela yake bila ubishi mrefu. Ukikuta puti na rangi nyeusi nzito imepakwa juu, usiichukue hata kwa nusu bei. Akikataa lifti, umeshapata jibu. Niwekee picha hapa kabla hujalipa.

MzeeCoventry
Marahaba fundi, nimekuelewa. Kijana, rafiki yangu ana gereji yenye lifti karibu na hapo Leicester. Muulize mwenye gari kama Jumamosi asubuhi inamfaa, nami nitakuja na sumaku.