Stempu za Safari Rally za 1965: wabashiri wawili wamelingana, na muhuri mmoja hausomeki

Mwalimu_Nakuru

Hamjambo wapenzi wa stempu. Naomba mnisaidie jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Jumapili ile Elfyn Evans aliposhinda Safari Rally, mbio zetu za magari, pale Naivasha.

Tangu 2022 naendesha shindano dogo la kubashiri Safari Rally, kati yetu wakusanyaji tunaobadilishana stempu kwa barua. Mwaka huu wa 2025 tulikuwa kumi na wawili, kutoka Nakuru, Kisumu, Eldoret, Mombasa, Arusha, Moshi, na mmoja Kampala. Ubashiri hauji kwa simu. Unauandika kwenye postikadi, unabandika stempu unayoona fahari kuituma, unaipeleka posta ipigwe muhuri. Majina ya madereva ni matatu. Ukimpata wa kwanza una pointi 10, wa pili 6, wa tatu 4. Magari yalianza tarehe 20 Machi, kwa hiyo muhuri usipite tarehe 15. Pointi zikilingana, mwenye muhuri wa tarehe ya mapema ndiye mshindi. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe, na niliipenda kwa sababu sisi tunaamini muhuri kuliko maneno.

Zawadi ya mwaka huu si ya kawaida. Nimeweka seti ya stempu nne za Safari ya 13, zilizotoka tarehe 15 Aprili 1965, Alhamisi ya kuelekea Pasaka: senti 30, senti 50, shilingi 1/30 (moja na senti 30) na 2/50. Gundi ni ile ile ya mwanzo, haijaguswa na hinji, kile kikaratasi cha kubandikia stempu kwenye albamu, na meno yote ya pembeni yapo. Baba alinunua seti mbili wiki ile ile, moja akaituma kwa ndugu yake, na miaka mingi baadaye ikarudi kwangu ndani ya kitabu cha nyimbo. Mimi nilikuwa na miaka minne. Katika Pasaka ile Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544. Sikumbuki gari hata moja. Nakumbuka vumbi, na mkono wa baba ukinizuia nisisogee barabarani.

Sasa shida yenyewe. Wawili wamepata pointi 16. Wote walimweka Evans wa kwanza na Ott Tänak wa pili, wakakosea wa tatu, mmoja akiandika Katsuta na mwingine Rovanperä. Wa tatu alikuwa Thierry Neuville.

Kadi ya Mombasa ina muhuri safi kabisa, 12 MAR 2025. Kadi ya Arusha ina doa. Wino ulikuwa mwingi na mkono wa aliyepiga uliteleza, mduara mzima umejaa weusi. Naona MAR, na mbele yake mstari ambao unaweza kuwa 1. Mwenye kadi anasema aliitia sandukuni mwanzoni mwa wiki ile, na sina sababu ya kumtilia shaka. Wapo wenzetu wanaosema muhuri usiosomeka ni sawa na kadi isiyo na muhuri.

Na kuna jambo lazima niliseme mapema. Huyu wa Mombasa ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Ndiyo maana siamini macho yangu peke yangu. Nifanyeje?

Bi_Bahasha

Pole Mwalimu. Mimi ningewagawia. Zile stempu nne zina michoro miwili tu: senti 30 na 50 mchoro mmoja, 1/30 na 2/50 mchoro wa pili. Mmoja apewe senti 30 na 1/30, mwenzake senti 50 na 2/50. Kila mtu anakuwa na michoro yote miwili na hakuna ugomvi.

Mwalimu_Nakuru

Ahsante dada, nililiwaza hilo usiku wa kwanza. Nikaitoa seti, nikaipanga mezani mbili mbili, nikairudisha kwenye bahasha yake. Stempu zile zimeandikwa majina ya nchi tatu pamoja, Uganda, Kenya na Tanzania. Baba angeweza kuibandika moja Nakuru, mjomba akaibandika nyingine Kampala, zikakubaliwa zote. Seti ya Safari ya 1977 ninayo pia, na ile yangu imeandikwa Kenya peke yake. Hii ya 1965 imekaa pamoja miaka sitini. Siwezi kuwa mimi wa kuitenganisha.

KaraniMstaafu_Tanga

Mwalimu, shikamoo. Nimepiga mihuri miaka 27, kaunta na chumba cha kuchambulia barua, kwa hiyo naomba unisikilize kabla hujafanya lolote.

Kwanza, usiipanguse. Usiiloweshe, usiisugue kwa kifutio, usiiweke juani. Wino wa muhuri ukishika maji unatembea, na hapo umepoteza hata hicho kidogo unachokiona.

Pili, igeuze. Muhuri wa mkono ni chuma, na tarehe yake ni vipande vidogo vinavyobadilishwa kila asubuhi. Karani mwenye haraka hupiga kwa nguvu, na wino ukiwa mwingi ndivyo anavyozidi kupiga kwa hasira, akidhani haujashika. Chuma kinaacha alama kwenye karatasi. Kwenye bahasha nyembamba huoni kitu, lakini postikadi ni karatasi nene, inahifadhi. Subiri usiku, zima taa, chukua tochi ndogo, uilaze mezani kabisa ili mwanga upite juu ya mgongo wa kadi kama jua la saa kumi na mbili jioni. Vinundu vitatoa kivuli. Utasoma kinyume, kwa hiyo piga picha kisha uigeuze kwenye simu.

Tatu, sandukuni si muhurini. Mtu anaweza kutia kadi Jumatatu, sanduku likafunguliwa Jumatano. Huyo wa Arusha anaweza kuwa mkweli kabisa na tarehe bado ikamkataa. Usimwone mwongo.

Kijana_wa_Naivasha

Shikamoo Mwalimu. Mimi si mtu wa stempu, nilikuja humu kutafuta thamani ya albamu ya babu, lakini rally ndiyo maisha yangu. Nimesimama Hell's Gate kila mwaka tangu mashindano ya dunia yaliporudi 2021.

Jambo lako lilishatokea, tena kwenye Safari yenyewe. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza na adhabu sawasawa za kuchelewa vituoni, wote kwenye Datsun. Maelfu ya kilomita, halafu sare. Wakaangalia nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu hata moja. Alikuwa Mehta, akapewa ushindi. Huo ulikuwa wa kwanza kati ya ushindi wake mara tano.

Kwa mwaka ujao nakushauri uongeze swali la nne kwenye kadi: mshindi atamwacha wa pili kwa muda gani. Evans alimwacha Tänak kwa zaidi ya dakika moja. Hapo watu wawili hawawezi kulingana kirahisi.

Mwalimu_Nakuru

Marahaba wanangu. Karani, nimefanya ulivyosema, neno kwa neno. Jana saa tatu usiku nilizima taa, mjukuu akashika tochi, mimi nikashika kadi kwa kibano. Mara ya kwanza hatukuona kitu. Mjukuu akaishusha tochi hadi ikagusa kitambaa cha meza, na namba zikainuka kutoka kwenye karatasi. Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani akabweka.

Ni 12. Nimekutumia picha kwa ujumbe wa faragha kabla sijamwambia mtu, kwa sababu ya lile jambo la shemeji. Naomba usome wewe, usinisikilize mimi.

KaraniMstaafu_Tanga

Nimeisoma mara tatu, na binti yangu nikamsomesha bila kumwambia ni nini. Ni 12. Mkia wa ile 2 uko wazi, haiwezi kuwa 3 wala 0. Basi wamelingana tena, siku moja, mji huu na ule. Mihuri yote miwili haina saa, kwa hiyo upande wa posta tumefika mwisho.

Kijana_wa_Naivasha

Mwalimu, una kumbukumbu za miaka ya nyuma? Kama wote wawili walikuwepo tangu 2022, tumia kanuni ya 1973. Nani alikwenda mbali zaidi bila kumkosa mshindi?

Mwalimu_Nakuru

Ninalo daftari, kadi zote zimenakiliwa humo. Wote wawili wako tangu mwaka wa kwanza. Lakini sitalifungua. Kanuni inayotungwa baada ya mbio ni lazima wenyewe waikubali kabla mtu hajajua inampendelea nani. Nimewaandikia wote wawili sasa hivi. Mmoja akikataa, tutapiga kura ya karatasi mbele ya wenzetu.

Mwalimu_Nakuru

Majibu yamekuja. Wa Arusha amekubali kwa mstari mmoja. Shemeji amenipigia simu. Akaniambia, "Mimi nakumbuka 2022 nilimwandika Ogier, kwa hiyo najua nilipoanguka. Fungua daftari." Nilinyamaza kidogo. Ogier mwaka ule alikuwa wa nne, nyuma ya wenzake watatu wa Toyota.

Nimelifungua mbele ya mjukuu. 2022, wa Arusha aliandika Rovanperä, na Rovanperä ndiye aliyeshinda. 2023 akamrudia Rovanperä, akashinda Ogier, hapo naye akapata adhabu yake. Lakini alishavuka kituo kimoja akiwa safi, na mwenzake hakuvuka.

Seti ya 1965 inakwenda Arusha. Itasafiri kwa rejista, kati ya kadibodi mbili, na juu ya bahasha nitabandika stempu ndogo ndogo nyingi badala ya moja kubwa, apate kitu cha kuhifadhi nje na ndani. Nitasimama kaunta na kumwomba karani apige muhuri polepole, kwa wino kidogo.

Shemeji nitampelekea mwenyewe ile seti ya 1977 Agosti nikishuka Mombasa. Hakuiomba. Karani, nitumie anwani yako ya sanduku la posta kwa ujumbe wa faragha, mwakani nataka kadi yako iwemo. Kijana, na wewe pia. Albamu ya babu usiiuze kabla hujanionyesha kurasa za Uganda, Kenya na Tanzania.

Kijana_wa_Naivasha

Siuzi tena Mwalimu. Nimeipiga picha leo mchana. Ukurasa wa sita kuna ile ya 2/50, imetumika, muhuri wa duara unasoma NAIVASHA lakini mwaka umefifia. Naitafuta tochi.