Kikundi: Familia ya Bibi, Chumbageni, Tanga

Jumamosi, 27 Septemba 2025

[19:42] Twaha: Asalaam aleikum familia. Shikamoo Bibi, shikamoo Ami. Nina jambo naomba tulimalize usiku huu maana kaka Rashidi anapanda ndege Alhamisi. Toleo jipya la gemu ya mpira limetoka jana, tarehe 26. Naomba idhini yenu nitoe hela kwenye sanduku la kibanda chetu cha gemu, kaka atununulie huko Muscat aje nayo.

[19:45] Ami Bakari: Marahaba. FIFA tena? Si ulinunua mwaka jana mwezi kama huu?

[19:47] Twaha: Ndiyo Ami, hutoka kila mwaka mwezi wa 9. Ila jina la FIFA halipo tena. La mwisho lilikuwa FIFA 23, kisha EA, kampuni inayoitengeneza, na FIFA wakaachana. Tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Ya mwaka huu ni FC 26. Kibandani watu bado wanasema "nipe FIFA", sisemi kitu, nawawashia.

[19:48] Da Mwanaidi: Waaleikum salaam. Twaha mdogo wangu, hela ya sanduku ni ya wote na fremu ni ya Bibi. Niambie ukweli, kuna jipya au wamebadilisha picha ya kasha tu?

[19:49] Twaha: Picha imebadilika pia, mwaka huu wamekaa Bellingham na Musiala 😄 Lakini da, jana nilikwenda kwa jamaa yangu Raskazone anayo. Tulikaa tangu baada ya isha mpaka saa 8 usiku. Nilikwenda kuangalia kwa ajili ya kibanda, si kwa ajili ya raha yangu. Nipeni nafasi niandike.

[19:50] Kaka Rashidi: Andika mdogo wangu. Nimetoka kazini, nasoma.

[19:56] Twaha: Kubwa kuliko yote: safari hii wameigawa gemu namna mbili za kucheza. Moja wanaiita Competitive, nyingine Authentic. Hii ya kwanza ndiyo ya wanaoshindana mtandaoni. Kasi, pasi inatoka ukibonyeza tu, mtu anageuka na mpira mguuni bila kuzunguka kama lori. Ya pili ni mpira kama tunaouona kwenye televisheni. Polepole, mabeki wanajipanga, kupiga kichwa ndani ya boksi ni kazi, goli unalitafuta.

[19:57] Twaha: Nimefurahi kwa sababu hii. Kwa miaka yote walikuwa wanaipika gemu moja kuwaridhisha watu wa aina mbili. Wakiongeza kasi, wanaopenda ukocha wanalia. Wakipunguza, wanaoshindana wanalia. Kila baada ya wiki kadhaa linakuja sasisho, mnajifunza upya. Sasa kila mtu na sufuria yake.

[19:58] Zaituni: Kaka Twaha unachagua wewe au inajichagulia?

[20:00] Twaha: Ukiingia kushindana mtandaoni kama Ultimate Team (timu ya kadi) au Clubs (kila mtu na mchezaji wake mmoja) ni Competitive. Ukiwa kocha kwenye Career ni Authentic. Mechi ya watu wawili pale kibandani unachagua kwenye setingi. Najua vijana watataka kasi. Mechi ni mia tano, hakuna anayetaka suluhu ya bila kwa bila.

[20:01] Ami Bakari: Mimi ningechukua hiyo ya polepole.

[20:02] Twaha: Najua Ami 🙏

[20:06] Twaha: La pili ni makipa, na hili ndilo lililonifanya nisilale. Mnakumbuka ile fainali ya Idi pale kibandani? Dakika ya 88, shuti limepigwa, kipa kalipangua vizuri, mpira ukaenda moja kwa moja mguuni kwa mshambuliaji, goli. Yule kijana wa Mabawa aliweka pedi ya kuchezea chini, akavaa ndala zake, akatoka hajaaga mtu. Hakukosea chochote. Alikuwa amekaba vizuri mechi nzima.

[20:07] Twaha: Kwenye FC 26 kipa amefundishwa upya namna ya kusimama na kuupeleka mpira pembeni. Jana nilihesabu kwa macho yangu. Nilipiga mashuti ya karibu, kona ikatoka, kona ikatoka, mara moja tu ndiyo mpira ulirudi kati. Ukifungwa sasa unajua umefungwa.

[20:08] Kaka Rashidi: Hilo peke yake ni hela halali.

[20:09] Zaituni: Wallahi tena. Mimi nilifungwa hivyo na Nassor Ramadhani nzima.

[20:10] Da Mwanaidi: Nassor huyu hapa begani kwangu anasoma. Ananipokonya simu.

[20:11] Da Mwanaidi: mjomba ni mm nassor shikamoo. ultimate team yangu ya fc 25 itahamia kwenye mpya?? nina salah

[20:13] Twaha: Marahaba mjomba. Hapana, haihami. Kila toleo jipya timu unaanza upya, kadi zako zote na sarafu zinabaki kule kwenye la zamani. Ndiyo maana nataka hapa tuzungumze wakubwa. Salah wa FC 26 ana alama 91, yeye na Mbappé sawasawa kileleni kwa wanaume. Lakini ukimtaka utamtafuta upya.

[20:14] Da Mwanaidi: 😭😭😭 nimemtafuta miezi mi4

[20:15] Da Mwanaidi: Ni mimi mama yake sasa, nimechukua simu. Twaha, hapo ndipo nilipokuwa nangoja ufike. Mwezi wa 3 huyu mtoto alitumia kadi yangu ya benki kwenye gemu moja ya mpira ya kwenye simu. Pakiti, pakiti, pakiti. Nilikwenda kutoa hela ya ada nikakuta pengo. Sikumpiga. Nilikaa kwenye kiti pale benki nikalia, watu wananiangalia.

[20:16] Ami Bakari: Pole sana mwanangu. Hukutuambia.

[20:17] Da Mwanaidi: Niliona haya Ami.

[20:19] Kaka Rashidi: Usione haya kwetu. Ada ilipatikana?

[20:19] Da Mwanaidi: Ilipatikana. Nilikopa kikoba, nimeshamaliza.

[20:24] Twaha: Da, pole. Ngoja niieleze kwa wote ili ieleweke. Hizi gemu zina sehemu ya Ultimate Team. Unajenga timu kwa kadi za wachezaji. Kadi unapata kwa kucheza, au unafungua pakiti. Pakiti hujui ndani kuna nani. Unaweza kuzipata kwa sarafu za kuchezea, na unaweza kuzinunua kwa hela halisi. Mtoto anaona taa zinawaka, bendera ya nchi inatokea, moyo unamwenda mbio, anatoka beki asiyemjua. Anafungua nyingine. Ubelgiji waliona ni sawa na kamari, tangu mwanzo wa 2019 EA waliacha kuuza pointi za pakiti huko. Hapa kwetu mlinzi ni sisi wenyewe.

[20:25] Twaha: Kibandani kwangu hakuna kadi ya mtu yeyote iliyowekwa kwenye mashine, na haitawekwa. Ultimate Team inataka intaneti muda wote, mimi bando nawasha siku ya sasisho tu.

[20:26] Ami Bakari: Hapo umesema maneno.

[20:28] Zaituni: Kaka swali langu. Wanawake wamefanyiwa nini mwaka huu? Usiniambie wapo tu.

[20:31] Twaha: Nitakwambia kama yalivyo. Hatua kubwa kwenu zilikuwa za miaka miwili iliyopita. FC 24 ndipo wanawake walipoingizwa Ultimate Team pamoja na wanaume. FC 25 ndipo ikawezekana kuwa kocha wa klabu ya wanawake kwenye Career, ligi 5: Uingereza, Marekani, Hispania, Ujerumani na Ufaransa. Mwaka huu wamejenga juu ya hapo. Aina za wachezaji 13 zilizokuja kwenye Clubs unaweza kumtengenezea mchezaji mwanamke pia.

[20:32] Zaituni: Aina 13 ndiyo nini?

[20:34] Twaha: Zamani ukitengeneza mchezaji wako ulikuwa unamjaza kila kitu, mbio, nguvu, mashuti, mwishoni wote wanafanana. Sasa unachagua kwanza wewe ni nani. Mmaliziaji? Fundi wa kati? Beki bosi? Kipa anayetoka golini? Ukishachagua unakua kwenye njia hiyo. Wachezaji wakongwe ndio mfano wa kila aina.

[20:35] Zaituni: Mimi winga shuleni, nitachagua winga. Na Orlando Pride yangu iko vilevile? Barbra Banda?

[20:35] Twaha: Ligi ya Marekani imo. Banda nilimchezea jana mechi mbili kwa niaba yako.

[20:36] Zaituni: ❤️❤️ Mzambia aliyefunga goli la ubingwa 2024, fainali nzima goli moja na la kwake. Nikiwa naye mimi sishikiki. Na Temwa Chawinga wa Malawi kule Kansas City. Watu wa pande zetu hawa. Nikiwaona kwenye gemu naona kama njia ipo.

[20:38] Ami Bakari: Ipo mwanangu. Mimi nilizipenda gemu hizi siku Twaha aliponionyesha Samatta yumo ndani ya Genk, FIFA 20. Nilisimama pale mlangoni nikasoma jina. Mtoto wa Kitanzania, kwenye gemu iliyotengenezwa Canada. Miezi michache baadaye akaifungia Aston Villa fainali Wembley mbele ya Manchester City. Sasa yuko Le Havre.

[20:39] Twaha: Ligi ya Ufaransa imo Ami. Ikifika, wewe ndiye utakuwa kocha wa Le Havre.

[20:41] Ami Bakari: Ukocha umebadilika?

[20:45] Twaha: Sana. Makocha wa timu nyingine nao wanafukuzwa kazi na kuhama, unaona habari yao msimu ukiendelea. Na kuna kitu kinaitwa Manager Live: wanakupa mtihani wenye masharti, mfano umalize bila kufungwa mechi, au uchukue timu yenye hali mbaya uinyanyue. Huhitaji kukaa miaka 15 na timu moja. Wewe uliyeibeba timu ya mtaa kwa mpira mmoja wenye kiraka ndiye mtu wake. Ila hiyo Manager Live inataka intaneti, kwa hiyo siku za bando nitakuita.

[20:46] Ami Bakari: Nitakuja. Baada ya alasiri.

[20:50] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:48)

[20:52] Zaituni: Kwa walioko kazini, Bibi anasema: hajambo, anawasalimu wote. Anasema hilo gemu halijui ila anawajua watoto. Wakiwa barazani kwake anasikia sauti zao, hawako kwenye mitaro. Inunuliwe. Ila adhana ikiadhiniwa mashine izimwe, na atakayetukana kwa sababu ya goli asirudi siku hiyo.

[20:53] Twaha: Shukran Bibi. Sheria zote mbili zimebandikwa ukutani tangu mwaka juzi, nitaziandika upya kwa kalamu kubwa.

[20:54] Da Mwanaidi: Bibi akisema nani anapinga. Lakini niulize: za mwaka jana zinatupwa?

[20:58] Twaha: Hazitupwi. Kibandani tuna mashine za PlayStation, PS5 moja na PS4 mbili. FC 26 itakaa kwenye PS5. PS4 zitabaki na FC 25, bado watu wanaipenda hasa ile Rush, uwanja mdogo, wanne mbele na kipa wa mashine, anayepewa kadi ya bluu anatoka dakika moja anarudi. Watoto wa shule wanaipenda mno kwa sababu hawakai muda mrefu kungoja zamu.

[20:59] Twaha: Na kwako nyumbani da, ushauri wangu wa moyoni: usinunue mpya. Nassor acheze Career kwenye FC 25 aliyonayo, bila intaneti, bila pakiti. Shule ikifungwa mwezi wa 12 mlete Tanga acheze mpya hapa mbele ya macho yangu.

[21:00] Da Mwanaidi: Nimekubali. Amekasirika kidogo lakini amesikia neno Tanga.

[21:01] Da Mwanaidi: mjomba nikija nalala kwa bibi

[21:01] Twaha: Kwa Bibi, kitanda cha dirishani.

[21:04] Kaka Rashidi: Basi mimi kesho naingia dukani. Bei huku inakaribia ile ya kutangazwa, dola 70 kasoro kidogo. Kuna kasha jingine ghali, dola 100, linaitwa Ultimate. Unalihitaji?

[21:06] Twaha: Hapana kaka. Ile ya bei kubwa iliwapa watu kucheza siku 7 kabla, na siku hizo zimeshapita. Kilichobaki ni pointi na vitu vya Ultimate Team ambavyo sisi hatuvigusi. Chukua ya kawaida.

[21:08] Twaha: Kitu kimoja muhimu, tafadhali soma vizuri kona ya juu ya kasha. Iandikwe PS5. Mwaka jana duka moja lilinipa sidii ya PS5 nikaitia kwenye PS4 siku nzima nikidhani lenzi imekufa. Ya PS5 haisomi kwenye PS4. Na isiwe kasha lenye karatasi ya namba ya kupakulia gemu ndani, nataka sidii ya kushika mkononi.

[21:09] Kaka Rashidi: PS5. Kasha la kawaida. Sidii ndani. Nimeandika.

[21:10] Ami Bakari: Hela ya Rashidi arudishiwe siku hiyohiyo akifika. Twaha ipigie hesabu sandukuni, uitume hapa.

[21:17] Twaha: Nimehesabu mara mbili. Inatosha, na inabaki ya kununua pedi moja. Ile nyeusi kitufe cha pasi kinang'ang'ania.

[21:18] Kaka Rashidi: Pedi nitaleta mimi, hiyo ni zawadi yangu kwa Bibi na baraza lake.

[21:20] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

[21:21] Zaituni: Bibi anasema Rashidi ulete na halua.

Jumapili, 28 Septemba 2025

[18:33] Kaka Rashidi: 📷 Picha

[18:33] Kaka Rashidi: Ndiyo hii?

[18:34] Twaha: Sogeza kwenye kona ya juu kaka, kuna mwanga wa taa.

[18:36] Kaka Rashidi: 📷 Picha

[18:36] Twaha: PS5. Ndiyo yenyewe. Allah akulipe kheri.

[18:37] Zaituni: Zamu ya kwanza ni yangu, Orlando Pride. Baba shahidi.

[18:40] Ami Bakari: Mimi ni baba yako, ushahidi wangu haufai. Zamu ya kwanza ni ya yule kijana wa Mabawa.

[18:41] Twaha: Nitampigia simu Ijumaa.