Eti "cha kufungia karanga"! Yule muuza vitabu wa mjini leo kavuka mpaka

Kobe wa Mbagala (mleta uzi)

Wakuu, niko kwenye daladala narudi nyumbani, mikono bado inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie. Leo nimetukanwa. Hadharani, mchana kweupe, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

Sitamtaja na wala sina haja. Yeyote aliyewahi kununua kitabu cha mtumba katikati ya Dar anamjua. Ndiyo, huyo huyo uliyemfikiria. Unamuuliza bei, anainua kidole usubiri amalize aya. Unasimama juani mpaka kivuli chako kinahamia upande wa pili wa barabara, bwana mkubwa hajamaliza aya. Ukishika kitabu anachokipenda, anakuita "ndugu msomaji". Ukishika asichokipenda, Mungu akulinde.

Mimi nimeshika asichokipenda.

Kitabu ni Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, toleo la zamani, kurasa zimeshakuwa njano, jalada limegandishwa na gundi ya viatu. Nimekisaka miaka. Leo nakikuta kwenye turubai kimebanwa kati ya kamusi ya Kifaransa na kitabu cha kufuga sungura. Moyo ukanilipuka. Nikakiokota, nikauliza kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani: "Kaka, hiki unauzaje?"

Akakichukua mkononi mwangu. Hakukipokea jamani, ALIKICHUKUA. Akakininginiza kwa vidole viwili kama panya aliyetolewa mtegoni, akakigeuza mbele na nyuma, kisha akasema kwa sauti iliyovuka maji ikafika Kigamboni: "Mtu mzima na mvi zako unasoma hivi? Hivi si vitabu, mzee wangu. Hivi ni vya kufungia karanga."

KUFUNGIA KARANGA.

Watu wakacheka. Kijana wa kung'arisha viatu alicheka mpaka akapaka dawa kwenye soksi ya mteja. Kuna mtu alikuwa anapita zake na bajaji, akamwambia dereva asimame, akacheka, wakaendelea na safari. Mimi nina wajukuu. Na shikamoo yenyewe hakunipa!

Haikutosha. Akachomoa Mzingile cha Kezilahabi, akanisukumia: "Anza na hiki. Ukikielewa, rudi tuongee." Ukikielewa! Wakuu, Mzingile nimekisoma. Nagona nilikisoma kabla yake. Rosa Mistika nilikisoma kwa kukificha chini ya godoro, zama zile kimepigwa marufuku shuleni. Namheshimu marehemu Kezilahabi kuliko huyo muuzaji anavyodhani. Lakini nikifunga duka jioni nimechoka, namtaka Willy Gamba, yule mpelelezi wa Musiba. Nataka mtu anayejua anakwenda wapi, ana bastola na Makaburu wanamtafuta. Nifungue ukurasa baada ya isha, nikija kushtuka adhana ya alfajiri hiyo. Kosa langu ni lipi?

Nikamuuliza: kama ni cha kufungia karanga, mbona umekipanga hapa? Bei gani? Akajibu bila kupepesa macho: "15,000."

Elfu kumi na tano! Karatasi ya karanga! Hizo karanga zinakaangwa Ikulu?

Nimekitua pale pale, nimeondoka. Nani alimpa huyu mtu mamlaka ya kuamua kipi ni kitabu na kipi si kitabu?

Binti Sajo

Shikamoo mzee Kobe, na pole sana. Huyo nilishamnawia mikono. Niliulizia riwaya za mapenzi, akanitazama juu mpaka chini, akaniambia, "Dada, unatafuta kitabu au unatafuta mchumba?" Mbele ya mama mkwe! Nikaondoka na kitabu cha mapishi ambacho sikukitaka, ili tu nionekane nilikuja kwa jambo la maana.

Ukurasa wa Mwisho

Tuseme ukweli hata kama unauma, jamaa yuko sahihi. Riwaya za upelelezi ukisoma moja umesoma zote. Mwanamke mrembo akitokea ukurasa wa 20, ni msaliti. Shujaa anapigwa risasi, anaoga, anakunywa bia, anaendelea na kazi. Kusoma ni kujenga akili, si kuua usiku.

Kobe wa Mbagala

Sijasema anipendee ninachopenda. Nimesema alikininginiza kwa vidole viwili akasema KARANGA. Hilo ndilo ujibu.

Jiko la Mkaa

Karanga mbichi au za kukaanga? Naomba kueleweshwa kabla sijachangia.

Mwalimu Chaki

Ndugu Ukurasa wa Mwisho, nimesimama ubaoni miaka mingi na kauli hiyo nimeisikia mpaka imenichosha. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina ukoo wake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi na Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960, na Bwana Msa wake mwenye kiko akawa gumzo pwani nzima. Kikafuata Simu ya Kifo cha Katalambulla mwaka 1965. Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa na makao yake hapa hapa Dar es Salaam, wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini tunapishana nao mitaani. Hofu ya majasusi wa Makaburu haikuwa ya vitabuni tu. Vijana waliokuwa hawagusi kitabu waligombania Willy Gamba mpaka kurasa zikachanika. Mimi nimefundisha watu kusoma kwa vitabu hivyo, na leo baadhi yao ndio wanaowafundisha watu Kezilahabi.

Mzee Kobe, pole. Uliumizwa.

Ukurasa wa Mwisho

Mwalimu shikamoo. Historia nzuri, lakini bado mwanamke wa ukurasa wa 20 ni msaliti.

Jiko la Mkaa

Hamjanijibu. Na mfahamu kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo karatasi ya kufungia karanga ni mali. Jamaa labda alikuwa anakisifia.

Kobe wa Mbagala

HAKUWA ANAKISIFIA. Ungeuona uso wake! Midomo ilipinda mpaka ikagusa sikio. Vidole viwili! Na kitabu nilikuwa nimekishika mimi!

Chombeza Hapana

Nyie mnalia na mtu wa turubai, je sisi tunaoliwa na watunzi wa Facebook? Unaanza hadithi, sehemu ya 1 mpaka ya 14 bure, umeshampenda Zuwena, umeshamchukia mama wa kambo, umelia, umewasimulia majirani. Mwisho wa sehemu ya 14 mlango unafunguliwa, anaingia mtu ambaye wote tulijua amezikwa. ITAENDELEA. Kuendelea lipia buku mbili, namba ya simu hiyo hapo chini. Nikalipa. Nikatumiwa sehemu ya 15 tu! Na ndani yake yule mtu hajasema neno, amesimama tu mlangoni, ITAENDELEA tena. Huyo mtu yuko mlangoni mpaka leo.

Binti Sajo

Zuwena! Na mimi nilimlipia! Ni yule mtunzi mwenye picha ya waridi?

Chombeza Hapana

Huyo huyo! Simtaji!

Supu ya Alfajiri

Wote mmekosea pa kulalamikia. Janga ni vitabu vya hamasa. Kila ukiinama kuchagua kitabu mjini unakutana na jalada lenye mtu kavaa suti amekunja mikono, anakwambia amka saa kumi alfajiri utakuwa tajiri. Mimi naamka saa tisa, ndugu zangu, nachemsha supu ya kongoro, na wanaoinywa ni hao hao waliolala tangu saa nne usiku, wanakuja na magari yao. Shemeji yangu kasoma vitabu vyote vya namna hiyo, sasa kanikopa laki mbili na ukimdai anakwambia una fikra za umaskini. Bora Willy Gamba mara elfu. Hajawahi kumkopa mtu.

Kobe wa Mbagala

Asante Supu ya Alfajiri. Hebu fikiria, hivyo vya hamasa yeye anaviuza kwa heshima, anavifuta vumbi kwa kitambaa! Halafu Musiba anamwita karanga!

Nyayo za Kariakoo

Angalau chako kilikuwa kizima. Mimi niliuziwa cha Ben Mtobwa hakina kurasa nne za mwisho. Nimekesha, muuaji anakaribia kutajwa, nageuza karatasi nakuta jalada. Nilirudi asubuhi, jamaa (sijui ni huyo wenu) akasema, "Ndiyo maana nilikupunguzia bei." Tangu siku hiyo namshuku kila mhusika, na mpishi sijamsamehe kabisa.

Mdau wa Inama

Jameni, salamu kutoka Nairobi. Huku vitabu vya kando ya barabara tunaviita vya inama, kwa sababu lazima uiname ndio uchague. Ninyi mna bahati hata mnagombana juu ya riwaya za Kiswahili. Mimi nikiuliza ya Kiswahili naulizwa, "Mtoto ako kidato gani?" Wanadhani hakuna mtu mzima anayesoma Kiswahili bila mtihani. Nikisema ni yangu, ya kusoma tu, muuzaji ananionea huruma, anafikiri narudia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari huku kwetu.

Mwalimu Chaki

Hilo la Mdau wa Inama ndilo linalonitia uchungu zaidi ya yote yaliyosemwa humu.

Ukurasa wa Mwisho

Hapo nakubali. Nilimtafutia binti yangu Peponi, riwaya ya Gurnah iliyotafsiriwa Kiswahili ikatoka 2022, mtu akaniuliza kama ni kitabu cha dini.

Maktaba Moja

Kwani Maktaba ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi imehama? Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967 ili msidhalilishwe na mtu wa turubai. Mnaingia, mnakaa, mnasoma, hakuna wa kuwapima mvi.

Nyayo za Kariakoo

Na mimi nikitaka kusoma nikiwa nimelala chali na kikombe cha chai kifuani?

Jiko la Mkaa

Na karanga.

Kobe wa Mbagala

Jiko la Mkaa, wewe na huyo mtu ni ndugu. Nimeshuka kwenye daladala, nimefika nyumbani, nimemsimulia mke wangu, kaniuliza swali moja tu, kwa nini sikushusha bei. Bei! Mtu katukanwa mbele ya mji mzima anaulizwa bei!

Kandambili Moja

Samahani wakuu, nimechelewa kuuona uzi. Hicho kitabu jalada lake limegandishwa na gundi, kona ya juu imeliwa na panya kidogo?

Kobe wa Mbagala

Ndicho. Kwa nini?

Kandambili Moja

Nimekinunua saa kumi na moja. 8,000. Akaniwekea kwenye bahasha, akaniita ndugu msomaji.

Kobe wa Mbagala

WEWE!

Binti Sajo

Haaaa! Jamani mzee Kobe apewe maji.

Kandambili Moja

Mzee wangu shikamoo, sikujua. Niko ukurasa wa 30, siwezi kukiweka chini. Nikimaliza nakuletea Mbagala mwenyewe, nakuazima wiki mbili.

Supu ya Alfajiri

Baada ya mzee Kobe nifuate mimi.

Nyayo za Kariakoo

Nifuate mimi. Ila kwanza hesabu kurasa za mwisho kama zipo, nakuomba.

Mwalimu Chaki

Ndugu Kandambili, usiazime mtu. Nasema kwa uchungu. Kuli cha Shafi Adam Shafi nilimwazima mwalimu mwenzangu tukiwa Tabora, akahamishiwa Mtwara nacho. Nikamwandikia barua, hakujibu. Tumekutana msibani mwaka jana, ananipa mkono na kunisalimia vizuri kabisa!

Chombeza Hapana

Wanaoazima vitabu wafunguliwe uzi wao. Dada yangu ana vyangu vyote na anawaazima watu wengine kwa jina lake.

Mdau wa Inama

Mimi yangu iko Kisumu na sina fare ya kuifuata.

Ukurasa wa Mwisho

Nina Kuli mbili, Mwalimu. Nitumie sanduku lako la posta kwa ujumbe wa faragha, moja naituma Jumatatu. Si ya kuazima, ni yako.

Jiko la Mkaa

Mwenye Njama cha Musiba, kizima, kina mwanzo na mwisho, ani-PM. Nalipa taslimu. Niko Buguruni.